Baraza ya Msellem

Jumamosi alfajiri nimeendesha hadi kiplefti cha Mabela,
wanapokaa wanaume na nyundo zao ukingoni mwa lami.
Hujasimamisha gari sawasawa, madirisha yashajaa mikono.
Nikasema: baraza ya mbao, kung'oa na kuondoa.
Nikasema kwa Kiarabu kile cha barabarani, cha maneno matano,
alichokuwa marehemu akinicheka nacho.

Mmoja hakulikimbilia dirisha.
Alikuwa akifunga kifungo cha shati, cha mwisho, polepole.
Moznu, mtu wa Sylhet, na mpwawe asiyeota ndevu bado.
"Ishirini."
"Kumi."
"Mama, jua."
"Kumi na mbili, na chai."
Akaliangalia jua kana kwamba nalo lina fungu lake kwenye bei,
akapanda.

Baraza hii Msellem aliijenga mwaka tuliohamia,
kwa mbao za makasha ya mashine, kazini kwake Rusayl.
Akisema nyumba isiyo na pa kukaa nje ni sanduku.
Tulikaa miezi minne kwa mwaka,
minane iliyobaki ilituunguza nyayo.
Sasa mchwa wameila kwa ndani;
ukiikanyaga inajibu kama biskuti,
na mjukuu wangu katumbukia mguu hadi gotini.

Nilidhani watavunja. Hawakuvunja.
Moznu alipiga magoti, akatafuta vichwa vya misumari
kwa kidole gumba, kama mtu atafutaye chawa kichwani mwa mtoto,
akang'oa mmoja, akang'oa mmoja,
na mpwawe akainyoosha juu ya jiwe.
Ya nini kuinyoosha, dukani kilo si hata nusu rial?
Akaniuliza yeye: "Mbao, mama, unatupa?"
Zilizo nzima, chukua.
Akalala mchangani kando ya mmoja, kisigino kwa ncha,
akacheka peke yake.
Kitanda.

Saa sita na nusu wakaweka nyundo chini, sheria ya kiangazi,
wakajinyoosha kwenye kivuli cha ua.
Miaka tisa ua ule umesimama kati yangu na wifi yangu Zuwena,
na sijauona ukimfaa mtu kabla ya siku hiyo.

Sababu ya ua siielezi.
Ilikuwa kubwa wakati ule.
Msellem aliusimamisha usiku, kwa taa ya gari,
ndugu yake akikohoa upande wa pili asitoke,
na ili usiyumbe akaufunga kwa boliti kwenye baraza.

Hilo nililisahau.
Saa kumi boliti ya mwisho ilipotoka
ua ukapumua, ukaegama,
ukalala taratibu juu ya mikaratusi ya Zuwena
kama mgeni aliyechoka kungoja kukaribishwa.

Na yeye yuko pale, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.
Kanenepa. Nywele zimemgeuka.
Hakunitazama mimi, alimtazama Moznu.
"Na huu utauondoa kwa ngapi?"
"Ongeza mbili."
"Jumla?"
"Kumi na nne."
Akaingia ndani. Nikasikia droo, nikasikia mfereji wa maji.
Akarudi mikono mikavu, na noti: rial saba.

Fungu lake lilikuwa moja.
Nimefika darasa la nane, hesabu hiyo naiweza.
Nilifungua mdomo niseme, nikasema:
"Unga wa nini?"
"Wa mkate," akasema. "Wa nini tena."

Moznu ameondoka na mbao kumi na moja juu ya pikapu ya rafiki yake,
mpwawe kazikalia zisiruke.
Mashimo ya nguzo tumeyafukia mchanga.
Ukanda umebaki pale, mweupe kuliko ardhi nyingine,
na jana nikimpelekea Zuwena sahani yake
nimejikuta nauzunguka hadi mwisho, penye lango la zamani,
ndipo nikavuka.