Swali la Nne

Jumatatu, kipindi cha tatu, hapa Konde.
Umeme umekatika tangu jana Magharibi,
na kitabu kinatutaka leo tusome
habari za watu wanaoishi ndani ya kioo.

Vitabu kumi na vinne, vichwa hamsini na sita.
Kimoja kwa wanne; anayekaa pembeni
husoma nusu ya mstari,
nusu ya pili huisikia kwa mwenziwe.

Naandika ubaoni neno la leo.
"Vachuali," natamka. "Semeni."
"Vachuali!"
Faki, kule nyuma dirishani, kasikia "vaa suruali",
kasimama, kajishika mkanda:
"Nimeshavaa, mwalimu!"
Darasa zima likaangua kicheko,
nami nikageukia ubao, nikajifanya nafuta kitu,
maana mwalimu hacheki mbele ya neno gumu.

Haya. Maana yake?
Shaame: "Njozi." Siyo. Njozi huja umelala.
Bikombo: "Kivuli." Siyo. Kivuli kina mwenyewe.
Asaa, mjukuu wa mganga, kwa sauti ndogo: "Mashetani."
Hapo nikasita.
Kamusi ya skuli imeliwa na mchwa kuanzia herufi ya T,
basi nikabaki na ulimi wangu:
"Ni kitu kilichopo bila ya kuwepo."
Wakaandika. Wote. Hata nukta yangu wakaiandika.
Wananitisha watoto hawa wanavyoniamini.

Tukasoma.
Mtu wa kitabuni anaitwa Piita.
Piita ana nyumba ya pili isiyo na tofali,
ana bustani isiyodai mvua,
amemnunulia viatu mtu asiye na nyayo,
na pesa alizolipa ni za kweli.
"Za kweli hizi hizi, mwalimu?"
"Hizi hizi."
"Zinashinda mchango wa mtihani?"
Nikasema twendeni aya ya tatu.

Aya ya tatu: Piita ana marafiki mia tisa,
hajapigiwa hodi hata na mmoja.
"Maskini wa Mungu," akasema Bikombo,
kwa Kiswahili, ndani ya kipindi cha Kiingereza,
na adhabu yake ninaijua, iko ukutani,
lakini siku ile sikuisoma.

Kisha maswali. La nne:
Je, mtu anaweza kula pamoja na asiyekuwepo?
Kitabu cha mwalimu kina majibu nyuma.
Kimeandika: Hapana.

Usiku nasahihisha kwa tochi ya simu,
chaji asilimia tisa.
Hapana. Hapana. Hapana.
Ya Faki imeandikwa kwa herufi kubwa, kama mtu anagomba.
Hapana. Hapana.
Nikafika daftari la Mize,
Mize asiyenyosha kidole, wa dawati la mlangoni.
Kiingereza chake kinachechemea,
kitenzi kimetangulia, mtenda yuko nyuma anakikimbilia,
lakini kinafika:

*Ndiyo. Siku ya Ijumaa.
Baba yuko Maskati. Tunamuegemeza kwenye chupa ya chai.
Mama humpakulia sahani yake,
naimaliza mimi bando likishakwisha.
Bismillahi tunasema pamoja,
ila ya baba huchelewa kidogo.*

Nikaiweka chini kalamu nyekundu.
Mkaguzi anakuja Alhamisi,
na mkaguzi ana kitabu kile kile, na majibu yale yale nyuma.
Nje jenereta ya duka la Mbwana inakohoa,
inawaka, inazima.

Nilichosahihisha ni sarufi tu.
Nimemtanguliza baba, kitenzi kikamfuata.
Alama bado sijaweka.
Kesho, kabla sijafuta ile maana yangu ubaoni,
nitamwita Mize pembeni nimuulize:
hiyo sahani ya baba,
humwagiwa mchuzi gani?