Tulipotoka Ujiji

Mitumbwi kumi na mmoja, injini hata moja.
Tanga la Bukuru ni turubai la harusi,
bado lina doa la pilau.
La Mama Nzeyimana, magunia ya mbolea:
likijaa upepo unasoma
KILO HAMSINI.

"Si mashindano," Ruvuza alisema,
huku amelowesha kidole, anaipima lukuga.

Basi wakaniacha.
Rasi ya Bangwe ikawameza mmoja mmoja,
nami nyuma na kopo langu, nakumba maji,
naisengenya misumari ya fundi wa Gungu.

Nilipoizunguka rasi,
matanga yote yalikuwa chini.
Moyo ukasema: msiba.

Kumbe wanakula migebuka.
"Tumekungoja hadi ikapoa,"
Ruvuza akasema,
akanirushia kamba.
Kichwa cha samaki kilifuata.