Choki

Saa kumi na moja na nusu, Isyonje.
Sakitu imelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Jua likiifikia kabla ya maji
majani yatakuwa meusi kufikia saa nne,
na ada ya Subila iko humo, chini ya majani.

Nimevuta kamba mara kumi na tisa.
Pampu ni ya Mwampashi, ya kukodi.
Mara ya nne ilikohoa,
pu,
ikanyamaza kama mkwe aliyeulizwa mahari.
Nikavuta kwa bega. Nikavuta kwa matusi.
Kabureta ikaanza kutona.

Shangazi Sekela akashuka na blanketi,
miguuni mabuti ya mumewe.
Hakunipa pole. Alinusa.
"Umeilewesha.
Choki umeiacha wapi?"
Nimefunga, shangazi, kama ulivyosema.
"Nilisema ufunge. Sikusema usahau."

Akafungua plagi, imelowa tepetepe,
akaifuta kwa pindo la kitenge
akaitia kwapani, ndani ya sweta.
Tukasimama hivyo, hatusemi,
plagi ikipata joto la mtu
na ukingo wa mlima ukianza umanjano.

"Kukiwa na baridi unamkaba koo kidogo,
akose hewa, avute mafuta kwa uchu.
Akikohoa tu, mwachie.
Kikohozi ni salamu: amekwambia nipo.
Wewe umesalimiwa
ukazidi kukaba."

Nilimtazama usoni.
Hakuwa anasema ndoa yake, wala malezi yangu.
Alikuwa anasema pampu.

Plagi ikarudi. Choki wazi, mafuta hadi mwisho.
Kamba moja, bure.
Ya pili, moshi mweusi.
Ya tatu ikanguruma, mbwa wa jirani wakaitikia,
mpira ukajinyoosha matutani
ukatema tope, kisha hewa,
kisha maji.

Nilikimbia nao, vidole sivihisi,
nikiosha jani kwa jani,
shangazi nyuma akikunjua mpira
na kupiga kelele, "Juu! Anza juu!"
Nilikuwa nimeanzia chini.

Bondeni tuliwahi kote.
Matuta tisa ya juu, yanayotazama mashariki,
jua lilitutangulia.
Saa nne yalinuka kama mboga iliyoungua sufuriani.

Mwampashi alipokuja kudai hela yake
alihesabu saa tangu kamba ya kwanza.