Kipimo cha Kunde

Gramu arobaini kwa siku, alisema Morag wa kliniki ya wanyama,
akaandika kwenye karatasi, akapiga mstari chini yake:
gawa mara nne.
Nilipofika nyumbani nikazitazama zile kumi kiganjani.
Kumi! Hata kuku wa mama angeniuliza kama natania.

Kwetu Tukuyu mbwa hapimiwi.
Hula ukoko, hula mifupa, hula alichoiba,
na siku ya msiba hula kuliko wafiwa.
Popi wetu alikufa mzee, mzani hakuwahi kuuona.

Lakini Kunde si Popi.
Kunde ni chiwawa, ana wiki kumi duniani,
mbili kati ya hizo hapa Dundee, ghorofa ya tatu.
Nimemweka kwenye bakuli la saladi, juu ya mzani wa unga:
mia tisa na tano, na nusu yake naona ni masikio.
Anatetemeka kama simu iliyozimwa sauti.

Mimi nimekulia nyuma ya gunia la mchele wa Kyela.
Mama alijaza kopo, akalifuta kwa kiganja,
kisha akachota konzi moja, akaitupia juu:
nyongeza, alisema, ndiyo inayomrudisha mteja.
Basi nami nikafuta kumi, nikatupia juu
tano za mapenzi. Na kijipande cha samaki. Na ncha ya soseji.
Siku ya tatu zulia la Atuganile likatoa ushahidi wote,
na Morag, kwenye simu, hakucheka.
Tumbo lake, alisema, ni kama yai la kware.
Lumbesa, nikajiambia.
Nimempakia mtoto lumbesa.

Nikaogopa, nikawa bahili.
Kumi kamili, punje ya ziada narudisha mfukoni.

Ikaja Ijumaa ya ukungu,
ule unaopanda kutoka mto Tay na kumeza taa za barabarani.
Zamu yangu kwa wazee iliisha saa tatu, basi likaja saa tano.
Atuganile amelalia daftari la kemia,
bakuli la saa nne liko vilevile, zile kumi zimo,
na Kunde yuko ubavuni, shingo imelegea kama soksi.

Mdogo hana akiba, Morag alishaniambia,
nami nilisikia kama mtu anavyosikia matangazo ya ndege.

Asali ya Sikonge, ile niliyoifunga kwenye kanga ndani ya sanduku.
Nikachovya kidole cha mwisho, nikampaka ufizi,
huku, na huku, na tena huku.
Nikahesabu, sijui kwa nini, kwa Kinyakyusa.
Kabla sijamaliza makumi mawili
ulimi ukatoka, mwembamba kama jani la mchaichai,
ukanilamba ukucha.
Nikakaa sakafuni na koti langu la kazi hadi akala.

Jumapili nikamsimulia mama. Akacheka hadi akakohoa:
eti mbwa anapimiwa kama dawa!
Kisha simu ikatulia, nikadhani mtandao.
Wewe, akasema, ulikuja na miezi saba.
Nilikulisha kwa kifuniko cha chupa ya soda,
kila jogoo, kila kengele ya misheni.
Nikizidisha, unatapika. Nikichelewa, midomo inabadilika rangi.
Usinifundishe mimi kipimo.

Sasa simu yangu inalia mara nne:
saa moja asubuhi, saa saba, saa kumi na mbili, saa nne ya usiku.
Karatasi ya Morag imejaa makovu ya kalamu:
arobaini, arobaini na tatu, arobaini na saba,
maana kilo moja tumeivuka, na masikio hayakui tena peke yake.
Nafuta kumi na mbili kwa kiganja.
Kiganja kinakataa kuondoka, kinamkumbuka mama.

Natupia juu punje moja.

Morag hajui.