Safu ya Maoni

Manispaa wameleta fomu ya safu sita,
nijaze wapishi wangu wote wa Tandika,
kuanzia kwenye mtaro mpaka duka la Mpemba.
Jina. Umri. Chakula. Meza. Ushuru.
Ya mwisho imeandikwa Maoni,
nyembamba kama njiti ya mshikaki.

Nianze na Mwinshehe Pazi, chapati.
Ushuru analipa, hapo hatuna ugomvi.
Ila ukifika ukasema "mbili za moto" bila shikamoo
anakugeuzia mgongo,
anaizungusha chapati yake taratibu
kama anayemfunika mtoto shuka.
Umri wako haumhusu. Wazee wenzake nao humwamkia.
Juzi kaja mgambo na njaa yake na kirungu;
kasimama pale dakika kumi nzima
mpaka kirungu kikahamia kwapani
na shikamoo ikamtoka, kavu,
kama mwiba wa changu kooni.
Nimeandika: Ana masharti.

Chausiku, supu ya utumbo, hana bei.
Anatazama viatu vyako, anataja.
Bwana afya alikuja na vya kung'aa: elfu nane.
Wiki ya pili kaja na kandambili,
soksi bado ziko mguuni.
Elfu nne, akasema Chausiku. Moja moja kwa kila soksi,
mbili za supu.
Nimeandika: Bei elekezi.
Mungu anisamehe.

Kondo wa pweza na Shija wa chipsi
nimewatenganisha kwa chaki.
Kondo anadai moshi wa chipsi unamvunjia pweza heshima.
Shija anadai kelele za Kondo zinamharibia mayai,
na kweli, Kondo akipaza, "Supu! Ndoa yako imo humu!"
yule bwana hupasua yai nje ya kikaango.
Kila jioni nachora mstari.
Kila jioni mstari unatembea.
Nimeshamfuma Shija akiufuta kwa unyayo,
polepole, macho yako juu kwenye mnara wa simu,
kama mtu anayepima wingu.
Nikampiga faini. Akalipa kwa sarafu za hamsini hamsini,
zina mafuta, zinateleza, tukaziokota wote wawili.
Lakini saa nne usiku, wateja wakikatika,
namkuta kachuchumaa upande wa pili wa chaki,
bakuli mkononi, anapuliza,
na Kondo anamwongezea ndimu bila kuulizwa.
Hapo sikuandika kitu.

Bi Sikudhani, bagia na mihogo.
Katika kila karai huacha bagia moja haiuzwi.
Toa elfu, toa elfu tano, lia:
"Hiyo ina mwenyewe."
Mwenyewe ni nani? Mwaka wa tisa huu sijamwona.
Wengine wanasema mume, wengine wanasema shetani,
Kondo anasema ni mbinu ya biashara,
maana kinachokatazwa ndicho kinachotamaniwa.
Nilimuuliza mara moja tu.
Akanipa kipande cha muhogo, akanyunyiza chumvi na pilipili,
akaniuliza kama mama yangu ameshapata dawa zake.
Nimeandika: Mzigo hauishi wote.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Sasa ni saa sita. Majiko yanamwagiwa maji, yanafoka.
Imebaki mistari mitatu na kalamu inakwaruza.
Kesho karani wa kata ataisoma fomu hii kwenye feni,
ataniuliza, Nasra Mtoro,
ndiyo usimamizi gani huu?

Bi Sikudhani amepita na ndoo.
Kaweka kitu juu ya karatasi, kimefungwa gazeti,
akaenda mtaroni bila neno.
Ya leo. Bado ina vuguvugu.
Sijui kanipa,
au kanikabidhi nimtunzie mwenyewe.

Nimekaa nayo.
Mafuta yameshapenya gazeti,
yameingia kwenye Maoni,
yanaelekea pembeni, yanavuka mstari,
yanaanza safu ya saba.