Kidole Gumba

Shairi hili halina mizani.
Mimi na mizani tumeachana,
nami nitaeleza kwa nini
kabla ulimi haujapata hila.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa karani wa ghala,
chama cha msingi, upande wa Sikonge.
Marobota ya tumbaku yalikuja kwa baiskeli,
kwa mikokoteni ya punda iliyolia ekseli,
nami nimesimama penye mkono wa chuma, kalamu sikioni,
kidole gumba kikiegemea tu.
Kuegemea, si kubonyeza. Ndivyo nilivyojiambia.
Kilo sabini zikawa sitini na sita.
Zile nne zilikwenda Kaliua, kwa jina la shemeji yangu
ambaye hajawahi kushika jembe.

Dhambi yangu haikuwa na pembe wala moshi.
Ilikuwa na ukucha uliokatwa vizuri.
Jumapili ilishika kikapu cha sadaka,
ilifungua Zaburi bila kukosea ukurasa.

Mwaka ule fundi Ngassa akachonga msalaba wa mninga mbichi
kwa ajili ya Ijumaa Kuu.
Mchungaji Sizya akasema, "Mzee Mihayo atatangulia nao,
toka ghalani hadi kanisani."
Toka ghalani! Hakujua alichosema. Au alijua.

Niliuinua, na mazoea yakaniponza: nikaukadiria.
Arobaini na mbili, nikasema moyoni, mti bado una maji.
Hatua mia, ukawa sitini.
Kwenye kidaraja cha bonde la mpunga
nikatafuta mahali pa kuegemeza kidole,
nikagundua bega halina kidole.
Bega hupokea uzito kama ulivyo.

Nyuma yangu watu waliimba.
Mimi nilihesabu: nne mara marobota mara misimu,
na hesabu ikagoma kufika mwisho.
Hapo nikaelewa, si kwa akili, kwa uti wa mgongo,
kwamba yupo aliyepandishwa kwenye mizani mahali pangu
na hakuna mkono uliompunguzia hata ratili.
Uzito wote. Wangu, wa shemeji,
wa kila aliyewahi kuegemea tu.
Na msumari ulimpita pale pale,
kiganjani, chini ya gumba.

Ningependa kukuambia nililia nikawa mtu mpya.
Sikulia. Nilikula ugali, nikalala vibaya.
Wiki iliyofuata nikauza ng'ombe wawili na pikipiki,
nikaanza kupiga hodi.

Wengine walishakufa. Niliwaachia wajukuu fedha,
wakanitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini.
Mmoja alinitemea mate;
nikayapokea kama stakabadhi.
Mama Kabula, mjane wa ng'ambo ya mizinga ya nyuki,
hakuishika bahasha.
"Nilijua," alisema. "Nyumbani nilikuwa napima kwa madebe ya maji.
Kila msimu nilijua."
Mbona hukusema?
"Nilisema. Si kwako."

Nyuki tu ndio waliobaki na la kuongea.
Nilitaka aseme amenisamehe,
neno moja, nilipime, niondoke nalo.
Hakulisema. Alisogeza kigoda kwa mguu.
"Kaa. Majani haya hayajafungwa, na mtoto ana homa."

Hadi leo, msimu ukifika, huenda kufunga naye.
Bahasha ipo juu ya kenchi ya bani,
imekuwa nyeusi kwa moshi, hakuna aliyeigusa.
Sijui kama deni limekwisha;
daftari hilo si langu tena,
limepigwa misumari mahali nisipofika kwa kalamu.

Imani, kwangu mimi, ni kuamka bila risiti,
kutembea kilomita tatu umande ukiwa bado majanini,
kukalia kigoda nisichostahili,
gumba langu likinata utomvu wa tumbaku,
likikaza kamba juu ya fundo
hadi yeye aseme:
achia.