Tawi la Kumi na Saba

Juu ya duka la saa, mtaa wa Bazaa
kabla haujaitwa Biashara,
ngazi zilikuwa kumi na tisa
na ya kumi na mbili ililia.
Babu yangu Kisilu aliiacha hivyo makusudi:
ngazi ilimlindia mlango, yeye akasinzia.

Ghorofani, kila Alhamisi, watu sita:
Tawi la Kumi na Saba la Udugu wa Ufunguo,
ulioanzia Trieste karne ile ya kumi na tisa,
kwa mafundi kufuli waliosakwa na polisi wa Kaizari.
Nani aliuleta Nairobi, sijui.
Babu alisema ulikuja ndani ya sanduku la kofia.

Kila mmoja alivaa shingoni ufunguo
usiofungua chochote. Hiyo ndiyo siri yenyewe.
Mascarenhas karani wa reli, Jethalal wa saa,
Hoareau wa cherehani, mtu wa Shelisheli,
na watatu ambao babu aliwaita tu
Kikohozi, Viatu Vipya na Yule wa Jumatano,
kwa kuwa mara mbili alikosea siku.
Ufunguo wa mlango alikuwa nao babu,
na babu hakuwa mwanachama.

"Huko ni saa ngapi?" aliuliza kwenye tundu.
"Bado giza," walijibu.
Kikohozi alikohoa tu, ikahesabiwa.

Kazi yake nyingine ilikuwa posta.
Mwaka wa nzige bahasha yao wenyewe ilirudi,
mhuri mwekundu umeipiga usoni:
mpokeaji hajulikani.
Babu akaigeuza, akainusa.
Shilingi kumi na mbili kwa mwezi, watoto wanne Pumwani,
na wanaume sita wapandao ngazi
wakiwa wamechana nywele.

Hakuna aliyemtuma. Alifungua kabati,
akatoa barua kuukuu, ya Machi,
kwa wembe na wino akageuza mbili ikawa tatu,
akaifunga upya kwa nta ya mshumaa.
Waliisoma wamesimama. Hoareau alilia.
Wakapitisha azimio la shukrani.

Miaka kumi na mmoja, barua tano tu,
zikizunguka kama ngamia wa kinu.
Trieste ilianguka theluji ileile,
katibu yuleyule akaugua jino lilelile
na kupona kila Krismasi.

Kisha vifo, kodi, meli za kurudi kwao.
Mascarenhas akabaki peke yake, akaja vilevile,
akaita majina sita, akaitikia moja.
Siku ya kuondoka, stesheni, alivua ufunguo
akamtia babu kiganjani.
"Ile ya Machi," akasema,
"niliipenda zaidi mara ya nne.
Tatu zako zilikuwa zimeanza kunyooka."
Akapanda behewa bila kungoja jibu.

Sasa ninao mimi, Umoja, nyumba ya kupanga.
Nimeujaribu kwenye kila kufuli,
kabati la vyombo, hata sanduku la mita
ambalo si langu.
Hakuna.

Lakini usiku mlango ukibishwa,
kabla sijajizuia, nauliza:
"Huko ni saa ngapi?"
Majuzi Moraa wa mayai akanijibu kwa hasira,
"Giza bado, dada, kwani vipi!"
Nikafungua.
Alitaka kukopa chumvi.